Kilo Zangu Zilizohamia kwa Hajji Yattani

Kiwanjani, Isiolo
Jumatano jioni

Kwa Hajji Yattani,
Nyumba ya upande wa pili wa michongoma yangu.

Jirani mpendwa, salaam aleikum.

KUH: KUREJESHEWA MWILI WANGU

Moyo wangu umechoka. Daktari amelisema hilo bila kuzunguka, kwa hiyo, kabla sijaondoka duniani, nakueleza nililokuficha. Zile sahani za sukuma wiki na ndengu ninazokupitishia kwenye pengo la ua kila jioni hazikuwa ukarimu. Zilikuwa dawa yangu. Kliniki ilimwagiza binti yangu Karwitha anipunguze uzito. Kwa kuwa pensheni yangu haifiki kwenye samaki, alipanda sukuma kwenye magunia uani na kunichemshia ndengu bila mafuta. Akaniamuru pia ninyanyue chupa za mchanga nikiwa nimeketi, maana magoti haya hayanifikishi hata langoni.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Umekonda. Nilikupa chakula, sikukupa ruhusa ya kufaidika nacho. Ulisema mwenyewe kwamba majani ni ya mbuzi na mbuzi ndio wa watu, nami nilitegemea ungewapa mbuzi. Kumbe ulikuwa ukila kwa adabu, usimvunjie heshima mwalimu mstaafu. Adabu ya namna hiyo ni hatari kwa afya ya jirani.

2. Mkeo Batula harudishi sahani tupu. Sambusa, nyama kavu ya nyirinyiri iliyozama kwenye mafuta yake, chai ya maziwa ya ngamia yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Ningekataaje? Mimi pia nina adabu. Mkanda wangu umetobolewa tundu jipya.

3. Leo kliniki, baada ya kutupima, Sista Jennifer alikusimamisha mbele ya wazee wote uwaeleze siri yako. Ukasema, "Ni Mungu, na huyu jirani yangu Gichunge." Wakanipigia makofi, mimi niliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu, mzito kuliko mwezi uliopita. Karwitha hakupiga makofi. Aliniambia mwili wangu unapinga sayansi, na jioni hii amepunguza ndengu.

4. Hili ndilo kubwa. Tangu upate wepesi, huketi tena uani. Zamani ulivuta kiti upande wako, mimi upande wangu, tukabishana mpaka adhana ikuite. Siku hizi unakwenda soko la mifugo kwa miguu, na nasikia wiki ijayo unahamia Kipsing kwa ng'ombe wako mpaka mvua inyeshe. Miguu hiyo imejengwa na sukuma yangu. Nani atabishana nami? Na mvua ikija, sina hakika itanikuta.

Kwa heshima zote, naomba unenepe. Kama hilo ni gumu, basi ahirisha safari. Kipsing naijua vizuri, kama nilivyokueleza mara nyingi. Ni vumbi na miiba, na mtu wa umri wetu hana la kuona huko.

Nisalimie Batula, wajukuu, na yule beberu anayetafuna michongoma bila aibu.

Ni mimi, mlalamishi wako wa karibu kabisa,
Mwalimu Gichunge (mstaafu)

Tanbihi: Batula atashangaa kwamba barua hii imefika juu ya sahani tupu. Ndengu za leo nimezila mwenyewe, zote, na chupa za mchanga nimezinyanyua mpaka Karwitha akadhani naumwa. Anasema nikipungua kidogo tu, vijana wako wanaweza kunipandisha kwenye pikapu ya kwenda Kipsing bila mtu kuvunjika mgongo. Nisubiri, Hajji. Miaka yote nilichora mto wa Kipsing ubaoni kwa chaki, na mbele yako nikauzungumzia kama mtu aliyeoga humo. Sijawahi kufika.