Darubini ya Mara 375

Jumapili, 9 Februari 1975. Kishanda.

Habari baada ya misa. Yule Bruda wa misheni kule Bukoba, fundi wa saa, anarudi kwao tarehe 20. Ana darubini mbili za kioo za kutazamia nyota. Hauzi. Anagawa. Sharti ni moja: anayechukua alete kikapu cha kahawa ya kutafuna, Bruda akawaonjeshe ndugu zake Ulaya.

Moja lazima iwe yangu. Sababu naiandika hapa isije ikageuzwa baadaye. Mama yangu, Kokugonza, ana mtoto wa jicho. Jicho la kushoto limekwisha kufunikwa, la kulia linafuata. Jumatatu tarehe 24 anakwenda hospitali kupasuliwa. Daktari hakuahidi kitu. Mama alisikia redioni kwamba iko nyota iliyovaa pete, Zohali, akasema angependa kuiona kabla hajamkabidhi daktari jicho. Nikasema nitamwonyesha mimi. Nilisema kwenye arusi ya jirani, nimesimama, mbele ya wageni sitini. Haifutiki.

Kikwazo: shemeji yangu Mushumbusi, mume wa dada yangu. Seremala. Mlutheri. Mpole kiasi cha kuudhi. Mama humsifu tukiwa tunakula. Leo ameniuliza Bruda anagawa siku gani. Nimemwambia Jumatano.

Ni Jumanne.

Jumanne, 11 Februari.

Basi la asubuhi kutoka Muleba. Nimefika misheni wa kwanza. Wa pili, kusema kweli. Mushumbusi alikuwapo tangu jana, anampigilia Bruda makasha ya mizigo. Alisema alihofia nimekosea siku, akaja mapema aniulizie. Akanishukuru.

Darubini ya kwanza: bomba la mbao, refu kama jeneza la mtoto, limepakwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye milango ya misheni. Kioo cha inchi sita, Bruda alikisugua kwa mkono wake mwenyewe. Haina miguu, inakaa kwenye kasha. Lenzi ya kuchungulia moja. Ya pili: nyekundu, inang'aa, miguu mitatu ya chuma, kioo cha inchi tatu, lenzi mbili za kuchungulia kwa nyuma, na sanduku lake.

Bruda alieleza sana. Kwamba cha kuangalia ni upana wa kioo. Kwamba kioo hukinga mwanga kama pipa linavyokinga mvua chini ya bati, na pipa pana hukinga zaidi. Nilimwacha aseme. Mimi nimepima kahawa kwenye chama cha ushirika miaka kumi na mmoja. Namba nazijua. Sanduku jekundu limeandikwa mara 375. Bomba la mbao halina namba hata moja.

Nikachungulia mdomo wa lile la mbao. Nikaona pua yangu, kubwa kama papai. Hicho ni chombo cha kinyozi.

Bruda alisema nichague kwanza kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nimechagua nyekundu. Alinitazama kidogo, akasema ana onyo moja tu: kioo kisifutwe, hata kwa leso. Vumbi halidhuru.

Mushumbusi alibaki na jeneza. Lilisafiri juu ya basi kati ya mikungu ya ndizi. Langu lilikaa mapajani mwangu. Nilimwonea huruma hadi Muleba.

Jumatano, 12 Februari. Majivu.

Nimeweka darubini uani baada ya chakula cha jioni. Nimegundua jambo. Nimeishi katika kibanja hiki miaka arobaini na mitatu na sikuwahi kujua kwamba hakina anga. Migomba kila upande, inakutana juu. Mbingu ninayomiliki ina ukubwa wa ungo.

Mama alikalishwa kwenye kigoda. Akaweka jicho. Akalikodoa, nami nikaanza kutabasamu.

Akasema, “Mwanangu, jani la mgomba nalijua.”

Ijumaa, 14 Februari.

Asubuhi shamba la kijiji, wote. Wakati wa kupalilia nikasikia kwamba jana watoto wa Mushumbusi waliuona mwezi mchanga, una mashimo kama andazi lililoumwa. Nyumba ya Mushumbusi iko mwisho wa migomba, uani kwake kunatazamana na rweya, majani matupu mpaka upeo wa macho. Huko si kuwa na akili. Huko ni kupangiwa mahali.

Niliporudi nikachukua panga. Migomba kumi na moja tu, ile ya mbele ya nyumba. Mama alitoka kabla sijafika wa kwanza, na kumbe jicho bado linaona panga. Alisema migomba ile ilipandwa na marehemu baba, ndiyo inayopata samadi kabla ya mingine yote, na baba mwenyewe amelala hatua ishirini kutoka hapo, anasikia. Alisema kama ninataka kukata kitu nikate mguu wangu.

Mpango mpya. Sikukata. Nimeyafunga majani kwa kamba, yote yakiwa yamesimama juu, kama mwavuli uliokunjwa. Migomba kumi na moja. Mke wangu Adventina alishika ngazi. Majirani wawili wamepita kuuliza kama kuna msiba.

Jumamosi, 15 Februari.

Anga! Saa mbili usiku Zohali ikatokea juu ya paa la jiko, njano, imetulia. Nikaweka lenzi kubwa, ile ya mara 375. Nilihangaika nusu saa kuikamata. Ikaingia. Ikatoka. Miguu ya chuma inatetemeka jogoo akikohoa. Ndani niliona kitu cheupe kinachochemka.

Mama aliangalia. Akauliza ni nani amepika uji huko.

Adventina akauliza kwa nini situmii ile lenzi nyingine iliyokuja sandukuni. Nilimweleza kwa subira kwamba ile ni ya mara 40. Nani mwenye akili huacha gunia la 375 akabeba la 40?

Baadaye alikuja Kashaija, balozi wetu wa nyumba kumi. Ameambiwa nina bomba limeelekezwa Uganda. Nikasema limeelekezwa Zohali. Akatoa daftari, akauliza hiyo iko wilaya gani.

Jumapili, 16 Februari.

Siku njema kuliko zote. Mushumbusi alikuja na ndizi za kukamulia rubisi, pombe yetu, kwa Mama, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kubadilishana naye lenzi. Ya kwake moja ni kali mno, akasema, Bruda alimwambia ni ya mara 300, na angependa ile yangu ndogo, ya 40. Lenzi zinaingia kote kote.

Nilijifanya naumia. Nilisema ile lenzi ni ukumbusho wa Bruda. Nilizunguka uani mara mbili. Mwishowe nikakubali, kwa ajili ya udugu.

Amenipa lenzi kali ya Bruda, akachukua arobaini yangu, akaondoka akinishukuru! Sasa ninazo lenzi kali mbili. Mushumbusi hana hata moja. Nimelala nikicheka. Adventina ameniomba nicheke kimya.

Jumatatu, 17 Februari.

Nimezipanga lenzi zote mbili, moja nyuma ya nyingine, nikazifunga kwa utepe. Kwa hesabu yangu: 375 na 300 ni 675. Hakuna chombo kama hiki kati ya Bukoba na Biharamulo.

Matokeo: giza. Safi, bila kasoro.

Nikatafuta chanzo. Nikamulika ndani ya bomba kwa tochi. Kioo kimejaa vumbi la safari.

Jumanne, 18 Februari.

Najua alichosema Bruda. Lakini Bruda hakuoa na hajawahi kuona sufuria ya arusi ya Kihaya ikisuguliwa. Nimekitoa kioo. Majivu laini ya jikoni, ganda la mgomba, maji kidogo. Nilisugua kama mtu anayesubiri wakwe.

Kilianza kung'aa. Nikasugua zaidi. Mng'ao ukahamia kwenye ganda la mgomba.

Kioo sasa ni safi kabisa. Ukikishika mbele ya uso unaona vizuri kilicho upande wa pili. Nilimwona Adventina, amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Aliniuliza kama sasa ninakusudia kukiweka dirishani.

Alhamisi, 20 Februari.

Bruda ameondoka leo, kwa hiyo hakuna wa kuuliza. Siku nne zimebaki. Leo Mama amemwaga chai mezani, kando ya kikombe kabisa, akasema kikombe kimesogea. Nilifuta meza.

Kisha akauliza kama nyota yangu bado iko. Nikasema iko, Jumamosi ataiona. Akasema basi yeye atajitunza macho, hatashona mpaka Jumamosi.

Sikula vizuri.

Ijumaa, 21 Februari.

Mpango wa mwisho, na ndio bora. Jumamosi jioni Mushumbusi huenda kwaya, haikosi. Nitampeleka Mama uani kwake kwa baiskeli, nitamwonyesha Zohali kwa lile jeneza, na nitasema darubini yangu niliihamishia kule kwa sababu ya anga. Mama haoni rangi vizuri. Dada yangu nimemwomba asiseme kitu. Amesema hatasema kitu, ila atakaa karibu, asije akakosa.

Jumamosi, 22 Februari.

Naandika kama ilivyotokea.

Saa moja na nusu tulifika. Mama alishuka kwenye baiskeli, akapapasa bomba kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, kama anavyopapasa mkungu kujua umekomaa. Akauliza darubini yangu ilianza lini kuwa ya mbao. Nikasema ni ya mbao kwa ndani. Dada alikohoa.

Mwezi ulikuwa karibu kujaa na Zohali ilikuwa kando yake kabisa, mtu angeweza kuionyesha kwa fimbo. Nikapiga magoti chini ya bomba nikatafuta pa kuchungulia. Hakuna. Mbao tupu. Nikazunguka. Nikaingiza kichwa mdomoni mwa bomba. Pua ile ile.

Nilipokitoa kichwa, Mushumbusi alikuwa amesimama pale na kitabu chake cha nyimbo. Kwaya ilimalizika mapema. Kumbe kwa hii ya mbao lenzi huwekwa ubavuni, karibu na mdomo. Alikuwa ameifunika kwa kifuniko cha chupa, umande usiingie. Aliingia ndani akaleta kiti kirefu alichokitengeneza wiki hii, kimo cha Mama kamili. Akalisukuma bomba kwa vidole viwili. Likaenda, likasimama, halikutetemeka. Kisha akarudi nyuma akaniachia nafasi kando ya kiti, kana kwamba kazi yote ilikuwa yangu.

Mama akaweka jicho la kulia. Dada akamshika bega.

Akasema, “Ni ndogo.”

Nikainama kuangalia kama bomba limesogea.

Akasema, “Lakini ni yenyewe. Imevaa. Kama chungu juu ya kata.”

Hakuondoa jicho. Nilihesabu hadi mia mbili, nikaacha. Baadaye akauliza ni nani aliyeiweka sawa. Nilifungua kinywa. Mushumbusi akawahi kusema kwamba lenzi ni ya shemeji Philbert, bila lenzi ile isingeonekana. Ambayo, kwa hesabu, ni kweli.

“Nimesikia,” Mama akasema. “Wewe ulisukuma na yeye aliahidi. Philbert, njoo uangalie, hujaiona.”

Nimeiona. Imetulia gizani, na pete yake imeinama kidogo, kama kofia ya mtu anayekwenda misa. Mara arobaini tu.

Jumatatu, 24 Februari.

Mama amelazwa. Nimemsindikiza mwenyewe. Aliwaeleza wagonjwa wote wa wodi habari za chungu na kata, na ametaka daktari amwonyeshe mikono yake kabla hajamruhusu. Daktari amesema jicho lina nafasi nzuri kuliko alivyodhani. Mama amesema akitoka anataka kuona nyingine, kubwa zaidi. Muuguzi amemwambia anyamaze, hakunyamaza.

Nikisubiri basi la kurudi nilikaa na mwalimu wa sekondari mwenye orodha ya vifaa kutoka Nairobi. Ukurasa wa tisa: darubini ya kioo, nyeusi, miguu ya chuma, inchi mbili na nusu. Mara 600.

Nilirudi nikiwaza, na kosa langu limekuwa wazi kabisa. Mara 375 zilikuwa chache mno. Nimeandika barua ya kuagiza na kumwomba Mushumbusi ainakili, ana mwandiko mzuri; nimemwambia ni ya mambo ya kahawa. Migomba nitaifunga yote safari hii, si kumi na moja.

Na majivu ya kusafishia nimekwisha kuanza kuweka.