Bawabu wa Kompyuta ya Mama Cherehani

Hivi wewe, mtu akibisha kwako, humuulizi ni nani na anataka nini? Mama Cherehani huwauliza wote, hata mwanawe wa kumzaa, na lazima wajibu kabla komeo halijaguswa.

Tabasamu alijibu vizuri sana. Huyu alikuwa tapeli mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mwenye duka la nguo ng'ambo ya barabara alimwahidi donge nono akimletea michoro ya mama huyu ya magauni ya harusi, kazi ya miaka kumi na mmoja, yote imo ndani ya kompyuta.

"Fundi wa ngome za kompyuta, mama. Ile ngome ni bawabu: huuliza kila programu inakwenda wapi. Wa kwako amelegea. Nimekuja kumkaza, bure."

"Bure! Karibu, mwanangu. Vua viatu."

Akachomeka flashi yake, akafungua programu aliyoibatiza Msafishaji. Papo hapo kidirisha kikajitokeza. Mama akavaa miwani, akasoma taratibu, kidole kikifuata maneno: "Msafishaji anaomba kutuma vitu nje. Ruhusu. Kataa."

Mkono wa Tabasamu ukakimbilia Ruhusu. Rula ya mbao ikatua juu ya vidole.

"Anakwenda wapi huyu?"

"Kuchukua dawa ya virusi, mama."

"Anafuata dawa huku amebeba mizigo yangu?"

Tabasamu akacheka. Alicheka peke yake.

"Wewe si fundi? Haya, tuwapange wote, mmoja mmoja."

Angefanyaje? Akaketi. Programu ya barua, itoke. Ya kuchapia, iongee na printa tu. Kikokotoo kina safari gani? Kataa. Wa nje asiyeitwa, asiingie. Mgeni mpya, aulizwe kwanza. Programu arobaini na tatu! Shati likalowa, mikunjo ikafa. Tangu azaliwe hakuwahi kufanya kazi ya halali kwa muda mrefu namna ile, maskini.

Mwisho wakamfikia Msafishaji.

"Na huyu, fundi?"

Rula ilikuwa pale pale. Akabonyeza Kataa kwa kidole chake mwenyewe.

"Sasa geukia dirishani, niweke nywila, mtu asije akaubadilisha mpango huu."

Akageuka. Mama alipomaliza, akachomoa flashi, akaitumbukiza kwenye kopo la vifungo.

"Haya, mwanangu. Pale mlangoni ulinidanganya. Ulikuwa unataka nini?"

Tabasamu akaitazama miguu yake mitupu. "Michoro ya magauni, mama."

"Ungesema mapema. Mimi nilikuwa nataka fundi, na nimempata, tena bure."