Malalamiko Dhidi ya Mama Chomoa, Msimamizi wa Usalama

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Karakana,

Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya na vidole vyako vyote. Mimi ni fundi seremala wa meza ya dirishani, huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili, na sijawahi kulalamika kwa maandishi. Nimelazimika. Nasikia Alhamisi kamati yako itakaa kuamua kama msimamizi wa usalama, aliyeletwa kwa majaribio ya miezi mitatu, abaki au aende zake. Kwa heshima zote, naomba aende. Sababu zangu nimezipa namba ili zisikimbie.

1. Mama huyu hana neno jingine ila chomoa. Ukitaka kubadilisha diski ya grinda, chomoa plagi. Ukitaka kubadilisha biti ya drili, chomoa betri. Ukitaka kupangusa vumbi tu, chomoa. Ndiyo maana tumempa jina la Mama Chomoa, naye badala ya kununa anaitika, jambo linaloonyesha hajui hata kutukanwa. Nimepiga hesabu: kwa siku nzima ananipotezea kama dakika tano, ambazo zamani nilizitumia kwa shughuli ya maana, yaani kutafuta kitambaa cha kufungia kidole. Hata kifuniko cha grinda, ambacho sisi tulikitundika ukutani tangu siku mashine ilipotoka kwenye boksi ili kisichakae, amekifunga tena mahali pake. Sasa kinachakaa.

2. Msimamo wake haueleweki. Jumatatu alitugawia glovu, tukashukuru. Jumanne akanikuta natoboa mbao nimezivaa, akaniamuru nizivue, eti drili ikikamata uzi wa glovu inaondoka na mkono. Miwani nayo anasema ni ya kuvaa machoni, wakati sisi siku zote tumeivaa kwenye paji la uso na paji halijawahi kupata jeraha. Mimi nina mvi, Mwenyekiti, na nimefikia kuvishwa na kuvuliwa kama mtoto anayepelekwa kuoga.

3. Kwenye chaja ndipo alipotukalia kooni kabisa. Desturi yetu unaijua. Betri zote sita huchajiwa chini ya meza yangu, juu ya maranda, kwa kuwa maranda ni laini na hayazikwaruzi. Chaja moja ilipokufa tuliazima ya pikipiki ya umeme ya fundi wetu wa rangi, ambayo kwa kweli ina nguvu, inajaza mpaka betri huwezi kuishika. Betri ikipata moto sana tunaipoza kwenye friji ya mama wa chai, katikati ya maji ya kunywa. Haya yote ameyapiga marufuku. Kila betri na chaja yake iliyokuja nayo, juu ya zege tupu, mbali na maranda na thina ya kuchanganyia rangi, mtu awepo anaitazama, na ikiwa ya moto iachwe ipoe yenyewe. Yaani betri inapumzika kuliko fundi.

4. Tulikuwa na betri moja iliyovimba. Miaka miwili ilikaa nasi kwenye rafu ya thina, kimya, haina neno na mtu. Mama Chomoa akaibeba mbele yetu kwa koleo refu, akaitoa uani ndani ya ndoo ya mchanga. Alasiri ile ile ikalipuka moto huko huko. Namlaumu yeye. Tulipokuwa nayo haikuungua. Alipoitenga tu, ikaungua.

5. Hili ndilo linaloniuma. Tuna fundi mwenzetu tunayemwita Nusu, kwa sababu kidole chake cha shahada kimebaki nusu. Miaka kumi na moja tumemwita hivyo kwa mapenzi, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza. Mama Chomoa akauliza. Nusu akamjibu mbele ya watu wote kwamba alikuwa anabadilisha diski ya msumeno wa betri, kwamba kitufe cha kufungia swichi isijiwashe tulikuwa tumekibana kwa seloteji kisitucheleweshe, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia asipoteze muda kuchomoa betri. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyeulizwa saa. Watu wakanitazama, kisha wakatazama pembeni, nami nikainama kuokota misumari ambayo haikuwepo. Miaka yote hiyo nilikuwa nimekaa vizuri na jambo hili. Sasa sikai vizuri. Nikishika ule msumeno naona mkono wake, na naona aibu. Msimamizi anayewakumbusha mafundi mambo yao hafai mahali pa kazi.

Kwa hiyo naomba Alhamisi mumpe mkono wa kwaheri na mturudishie utaratibu wetu. Niko tayari kufika mbele ya kamati kuthibitisha kila neno, isipokuwa asubuhi, kwa kuwa ndiyo zamu yangu ya kutazama betri.

Nisalimie wajumbe wote, katibu, mama wa chai na friji yake, na yeyote atakayeuliza habari zangu.

Wako katika mbao na uvumilivu,
Fundi wa Meza ya Dirishani

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha ndipo mke wangu akaniambia kwamba binti yetu, aliyemaliza chuo cha ufundi, amekubaliwa karakanani kwetu, anaanza Jumatatu, na mmempanga kwenye msumeno. Mwenyekiti, yule mama asiende popote. Mpeni mkataba wa miaka kumi. Barua hii usiisome kwenye kikao, ichane. Binti yangu mwekeni kwa Mama Chomoa, karibu kabisa, amfundishe kila kitu. Na akiwauliza kwa nini hamkumweka kwa baba yake, mwambieni meza yangu imejaa.