Chungu cha Miaka Mia Tano

Kwa kufuatilia habari, kijiweni hapa hakuna wa kunikaribia. Asubuhi moja nilimaliza gazeti zima kabla birika la kahawa halijachemka, nikaanza kuwasimulia wateja, ndipo Sindano akanionyesha tarehe. Gazeti la mwaka juzi, nililofungia vikombe.

Habari mbichi ilikuwa ukutani. Manispaa imebandika tangazo: uwanja huu wenye vibanda vyetu vitatu unajengwa ghorofa kumi na nne. Kwanza mtaalamu achimbe siku mbili, kuanzia mchana huo, aone kama chini kuna mabaki ya kale. Yakipatikana, ujenzi unasimama. Yakikosekana, vibanda vinavunjwa Jumamosi.

"Siku mbili," alisema Sindano, fundi cherehani. "Mimi suruali moja nakaa nayo wiki."

"Hiyo ni kwa sababu ya uvivu wako," nikamwambia.

"Bibi, niko hapa miaka thelathini na moja. Mimi si mabaki?"

"Bado unapumua. Wao historia wanaanza kuihesabu mtu akishaoza."

"Basi waanze na yule bwana mipango wao. Hajatikisika kitini tangu nikiwa na nywele."

Daktari wa Soli, fundi viatu, akacheka peke yake. "Msihangaike. Hapa chini kuna mji mzima. Babu yangu alinisimulia. Palikuwa na mfalme."

"Juzi ulisema babu yako alikuwa baharia," Sindano akamkumbusha.

"Baharia wa huyo huyo mfalme."

"Mfalme gani huyo akae mahali ambapo hata maji tunaletewa na lori?"

"Subirini kesho," alisema Daktari, akagonga msumari.

Kesho yake saa tano asubuhi mtaalamu, binti wa umri wa kitinda mimba wangu, akapanda kutoka shimoni amebeba chungu. Daktari alifika kabla hajaitwa.

"Miaka mia tano hicho," alisema. "Na sijawahi kukiona."

"Nani kakuuliza kama umewahi kukiona?" aliuliza Sindano.

Mtaalamu akakaa kwenye benchi letu, akakigeuza chungu taratibu, akakinusa.

"Kilivunjika, kikaungwa," alisema. "Ila aliyekiunga kalipua kazi. Kiungo kimekwenda upande."

Daktari akakohoa. "Wazee wa zamani walikuwa na ufundi, mwanangu."

"Huyu hakuwa nao, mzee. Huyu hata kandambili yangu nisingempa."

"Nisikilize wewe," Daktari akasimama. "Nimekifunga kwa mpira wa baiskeli kutwa nzima. Gundi mara mbili, msasa mara tatu. Lete hapa huo upande niuone."

Nikaikoroga kahawa ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Mtaalamu akaweka chungu chini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. "Jana jioni nilianza kuona msingi wa ukuta wa zamani kule pembeni," alisema. "Sasa nikiuandika kwenye ripoti, nani ataniamini?"

Sindano akamtazama Daktari kama anampima sanda.

"Umefukia vingapi, mzee?"

"Kimoja tu," Daktari akajibu, mkono kifuani. "Hicho hicho. Mungu wangu ananiona."

Kutoka shimo la pili kibarua wake akaita, "Dada, njoo. Huku vipo vitatu, na gundi bado mbichi."