Ndevu za Mwambani

Jumatatu, 3 Juni
Miwani, mwenzangu kazini, kaona ndevu mlimani! Si za mtu. Ni kuvumwani, ule uoto wa kijivu unaoning'inia mitini. Ila huu, anasema, umeshika jiwe tupu, juu kabisa kwenye nyasi, pasipo na mti hata wa dawa. Bi Mkuu wa chumba chetu cha mimea mikavu alisimama kumsikiliza. Miaka kumi na tisa nabandika lebo mle ndani, hajawahi kusimama kunisikiliza mimi.

Jumanne, 4 Juni
Miwani anapanda Ijumaa. Atachukua kishungi kimoja na kigae cha jiwe lake, kama kanuni inavyotaka, na lebo itabeba jina lake milele. Nimemuuliza njia kwa upole. Kanichorea ramani, maskini. Mke wangu kaniambia mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nikamjibu chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Alhamisi, 6 Juni
Nimefika! Magoti yananilaani. Jiwe moja tu, kimo cha ng'ombe, ndevu upande wa ukungu. Nzuri, jamani. Nilizitazama nikaona haya. Kisha nikawaza: nikibakiza hata unywele, Miwani naye atapata wake. Nikanyoa jiwe zima kwa kisu. Vigae sikuchukua. Mzigo.

Ijumaa, 7 Juni
Miwani karudi mikono mitupu. Alisema jiwe limekwanguliwa, akaketi, akavua miwani. Hanishuku. Nilimpa pole.

Jumatatu, 10 Juni
Nimeweka mfuko wa ndevu mezani kwa Bi Mkuu. Akauliza kigae kiko wapi. Hakuna. Bila jiwe, alisema, nani ataamini hazikutoka mtini? Akauliza nimebakiza kiasi gani. Nikaonyesha mfuko: zote zimo humo. Akapima unywele mmoja kwa rula, akasema huu ulianza kuota kabla mama yake mwenyewe Bi Mkuu hajazaliwa, na jiwe la pili hakuna anayelijua. Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana. Miwani alikuwa mlangoni, anasikia yote. Nimelia chooni, nasema kweli.

Jumamosi, 15 Juni
Nimepanda tena, kwa toba, kuona kama kuna kilichosalia. Kipo! Kishungi kimoja ndani ya ufa, urefu wa kidole. Nilipiga magoti nikaapa hakuna atakayekigusa. Lakini Miwani anapajua hapa. Watu hawaaminiki. Nimekibandua taratibu, pamoja na kigae chake safari hii, nikakifunga kwenye leso. Sasa kiko salama mfukoni mwangu.