Vipepeo wa Marjean

Jumatatu, 8 Julai
Mke wangu Marjean amepiga simu kutoka kwa dada yake, mjini Dubuque. Mwaka mzima sasa tangu aondoke. Alikuwa amenionya: nikifyeka tena magugu-maziwa yake, yale yenye utomvu mweupe, ambayo ndiyo chakula pekee cha viwavi wa vipepeo wa rangi ya chungwa, ananiacha. Nikafyeka. Akaniacha. Mwanamke wa neno lake!

Msimu huu nimeyapanda upya. Anakuja Jumapili kuona vipepeo. Nimemwambia wamejaa hadi wanagongana. Hayupo hata mmoja.

Kwa jirani Hruska viwavi wamejazana kama wageni wa harusi. Amenichungulia juu ya ua: “Emmet, hata mdudu haingii kwa mtu aliyenuna!” Mshenzi.

Jumanne, 9 Julai
Tatizo nimelipata. Vidukari! Wa manjano, wamejipanga kwenye mashina kama shanga. Nimewapulizia sumu ya shamba la soya. Kufikia jioni, wote chali. Nani kasema sijui bustani?

Jumatano, 10 Julai
Hruska kaenda kanisani, kwenye chakula cha jioni. Nimeruka ua, na umri wangu huu. Nimechuma viwavi wanono wa milia hadi kofia ikajaa. Utomvu ukanirukia jichoni. Moto! Nimerudi nikipapasa. Lakini viwavi wako kwangu, wanatafuna. Ushindi.

Alhamisi, 11 Julai
Wamekufa wote. Weusi, wamejikunja. Bila shaka mbegu ya Hruska ni dhaifu. Jicho limevimba, nimemwambia ni vumbi la mahindi. Naye akasema ndege wamemlia viwavi. Nikamjibu ndege wa siku hizi hawana haya.

Ijumaa, 12 Julai
Hruska kabisha hodi. Nikajua nimekamatwa. Kumbe kaleta kitawi ndani ya chupa, na pupa, kiwavi aliyejifunga ageuke kipepeo, inaning’inia, ya kijani, kama hereni, na vitone vya dhahabu. Ndiyo pekee iliyobaki kwake. “Chukua. Marjean aone kipepeo akitoka.” Akaondoka bila kungoja asante. Afadhali. Nimekula maharage ya kopo nikiitazama.

Jumapili, 14 Julai
Asubuhi pupa nyeusi tititi! Imekufa kama wenzake. Sikutaka Marjean akute maiti mezani. Nikaitupa kwenye pipa la taka.

Marjean akafika. Kapunguza nywele. Vipepeo wako wapi? Nikasema wamelala. Hruska akauliza kwa sauti, juu ya ua, kama ile pupa imeshafunguka. Nikasema imeoza, imekuwa nyeusi.

Marjean akanitazama. “Emmet. Ikiwa nyeusi ni mabawa yanaonekana. Kipepeo anataka kutoka.”

Akafukua pipa kwa mikono mitupu. Kipepeo alikuwa ameshatoka, katikati ya makopo. Mabawa yamekunjamana, yamekaukia hivyohivyo. Hataruka kamwe. Marjean akamweka kidoleni, akaketi naye ngazini hadi kahawa ikapoa. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Akaondoka naye.

Jumatatu, 15 Julai
Sikulala. Nimepiga simu Dubuque. Kapokea dada yake. Eti Marjean yuko nje, anamnywesha kipepeo maji ya sukari, hataki simu.

Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: vipepeo ni dhaifu mno. Nimemwomba dada mtu amwambie Marjean kwamba nafuga nyuki, asali inachuruzika, aje Jumapili.

Sasa nitafute nyuki. Kwa Hruska nasikia wakivuma.