Malalamiko Kuhusu Visheti vya Dada Yako

Madinat Sultan Qaboos, Maskati
Alhamisi, baada ya alasiri

Kwa Shemeji yangu Ishaq, walii wa mke wangu Mahbuba,

Assalaamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na umeshakula, maana habari zake ni za chakula na ni za kusikitisha. Nakuandikia kwa heshima zote kwa kuwa wewe ndiye uliyenioza dada yako miaka thalathini na moja iliyopita, na ada yetu unaijua: mume akiwa na dukuduku na mkewe, huanzia kwa wakwe.

Kama ujuavyo, tangu Shaaban daktari amemkataza Mahbuba ngano. Kasema ndani yake mna kitu kiitwacho gluteni, tumbo lake halipatani nacho, na hata chembe ya mkate inamdhuru. Na daktari sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na yaliyofuata.

1. Visheti. Nasema vile vya marehemu mama yenu, tulivyokuwa tukiiba mimi na wewe kwenye kopo la maziwa ya unga, wewe ukanaswa mkono ungali ndani, mimi nikakimbia. Sasa vinapikwa kwa unga wa mchele. Nilipohoji, Mahbuba akanijibu kwamba vitumbua nimekula umri wangu wote, na ni mchele mtupu, mbona sikulalamika. Shemeji, hiyo si hoja. Mchele ulishapewa vitumbua, ukaongezwa mkate wa kumimina. Nani kauruhusu kuingia milki ya mwenziwe? Naambatanisha kielelezo: visheti kumi na viwili ndani ya mkebe wa buluu, uonje uione dhulma.

2. Sambusa. Manda ni za unga wa muhogo. Ukiuma upande huu, nyama inatokea upande ule. Ijumaa iliyopita nimebadilisha kanzu mara mbili.

3. Kaimati. Za kwanza zilikuwa ngumu, mjukuu wetu Noof akazichezea gololi. Za pili zilimumunyuka ndani ya shira. Za tatu sizitaji, kwa kuwa nilikula kumi na tano kabla sijakumbuka kwamba nalalamika.

(Ili kuhakikisha ushahidi haujaharibika, nimeonja visheti viwili. Vimebaki kumi.)

4. Kupekuliwa. Nikirudi kutoka sokoni Matrah, dada yako hunikagua. Juzi kaona chembe ya sambusa ya dukani kwenye ndevu zangu, akaniosha mlangoni kama zulia, majirani wakipita na kunisalimu. Mimi, mtu wa miaka sitini na mbili, mstaafu wa wizara.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Tangu siku ya harusi mimi na Mahbuba tunakula sahani moja. Hata tulipokuwa tumenuniana tulikula kimya, lakini sahani moja. Sasa, kwa kuwa nimekataa kuacha mkate wangu, nimetengewa sahani yangu, kikombe changu na upande wangu wa meza. Yeye yuko kule na visheti vyake, mimi niko huku na ngano yangu, katikati kuna jagi la maji. Naumia, Shemeji, na mkate wenyewe hauteremki. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba yeye anakula visheti sita na chai, kisha hashiki tumbo. Unakumbuka alivyokuwa akishika tumbo kila baada ya chai, nasi tukisema ni gesi tu? Sasa anacheka. Nikimuuliza, ananiambia, “Nna raha yangu, niache.”

Kwa hiyo naomba uje kesho baada ya sala, umwamuru dada yako airudishe sahani moja. Daktari akipinga, naye aitwe ajieleze. Ngano itambuliwe kuwa ni mtu wa nyumba hii, kwani iliingia kabla yangu. Na yote yakishindikana, nichukue mimi, nikae kwako, maana mkeo Balqees bado anapika maandazi ya haki.

Kielelezo sasa ni visheti vitano. Mkebe ni mkubwa, usishangae.

Msalimie Balqees, wasalimie watoto, na kila anayeniuliza mwambie nimekonda. Khulood, binti yangu, ndiye atakayekuletea barua hii.

Ni mimi shemeji yako, mwenye njaa na haki,
Mahfoudh

Tanbihi: Mkebe utakufikia mtupu. Mahbuba alikuja kuuliza naandika nini, akakaa, na nikaona haya kumlia visheti vyake mbele yake. Mkate nimempelekea jirani, nikanawa, nikahamisha jagi, na vile vitano tumevila sahani moja. Cha mwisho tumegawana. Kesho njoo vilevile, lakini maandazi ya Balqees yaache garini, na usiingie kabla hujanawa mikono na ndevu. Nitakuwa nimesimama mlangoni na sabuni.